Ziwa Naivasha si kidimbwi cha hoteli

Ndugu yangu, zunguka Ziwa Naivasha uone: ukuta wa hoteli, ua wa shamba la maua, tena ukuta. Wananchi wamebanana kwenye fuo chache kama Karagita na Kamere.

Sipingi biashara ya boti, inaajiri vijana wetu. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema maziwa ni ardhi ya umma. Leseni ya gati ni ruhusa ya kutumia, si hati ya kumiliki.

Basi mwekezaji aegeshe boti zake, apate faida, ila amwachie mvuvi njia. Kikao cha maoni ya umma kikiitwa, usibaki kulalamika kwa simu. Nenda, uliza: njia yetu imeandikwa wapi kwenye hiyo leseni?