Tusimwache Mwenzetu Njiani



Katika darasa moja la kisomo ninalolikagua alikuwapo mama mwenye bidii sana. Siku moja hakuja. Wiki ya pili hakuja, wala ya tatu. Nilichukua daftari la mahudhurio nikaandika kando ya jina lake: mtoro.

Nilikosea. Baadaye mama huyo alinieleza mwenyewe, naye ameniruhusu nikusimulie bila kutaja jina lake.

Alikuwa akitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kadi yake ya kliniki huandikwa tarehe ya kurudi kuchukua dawa. Wakati huo alikuwa bado hajui kusoma, akampa jirani amsomee. Jirani aliisoma tarehe, kisha akaenda kuitangaza kadi kisimani. Tangu siku hiyo mama aliona haya kwenda kisimani, haya kuja darasani, na haya kwenda kliniki. Dawa zikamwishia.

Watu husema, "Anayeacha dawa ni mvivu. Dawa ni bure, anataka nini tena?" Ni kweli, hapa Tanzania dawa hizi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Lakini nauli si bure. Tena, mtu anayechekwa njiani huiona njia ndefu kuliko ilivyo.

Tufahamu jambo moja. Dawa hizi haziviondoi virusi vyote mwilini. Huvizuia visizaliane. Mtu akizimeza kila siku, virusi hupungua na mwili hupata nguvu. Hulima na kulea watoto wake kama wengine. Virusi vikipungua hadi kipimo kisivione, naye akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akiacha, virusi huzaliana upya, na vinaweza kuizoea dawa hata isimfae tena. Kwa hiyo anayemkatisha mgonjwa tamaa kwa maneno anamdhuru mgonjwa, na anadhuru kijiji pia.

Aliyemrudisha mama huyu ni wifi yake. Hakumhubiria wala hakumlaumu. Alimwambia, "Wifi, kesho tunakwenda wote." Wakaondoka alfajiri. Nesi hakumkaripia. Alimpima, akampa dawa. Wifi akawa anamkumbusha kila jioni baada ya chakula, mpaka ikawa mazoea. Mama alirudi pia darasani. Leo anaisoma kadi yake mwenyewe.

Maoni yangu ni haya: kazi hii tusimwachie nesi peke yake. Nesi humwona mgonjwa siku ya kliniki tu. Sisi tunaishi naye siku zote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwanza, tufunge midomo. Siri ya ugonjwa ni ya mwenyewe. Ataitoa akitaka, kwa amtakaye. Na sheria ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mtu mwenye virusi.

Pili, tusaidie kwa vitendo. Kumwazima mtu baiskeli, kumtazamia watoto siku ya kliniki, au kumpelekea unga wakati wa njaa, yote haya ni msaada wa dawa.

Tatu, aliyeacha akirudi, tumpokee. Tusimwulize, "Ulikuwa wapi siku zote?" Swali hilo linaweza kumfukuza mara ya pili.

Mimi nimelifuta neno "mtoro" katika daftari. Wewe nawe, ndugu msomaji, jiulize: je, kuna mwenzako uliyempa jina baya kabla ya kujua lililomsibu? Nenda kamtembelee.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mama aliacha kwenda kliniki?
2. Wifi alifanya nini kumsaidia?
3. Hutokea nini mgonjwa akiacha dawa?
4. Darasa letu linaweza kufanya nini ili asiyejua kusoma aisome kadi yake mwenyewe?