Sababu ya Vita na Wajibu wa Kuichunguza Khabari

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha walioamini waichunguze khabari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila ya kujua kisha wakajuta. Na khabari gani inayostahili uchunguzi kuliko ile ya kwamba hapana budi kupigana?

Februari 5, 2003, Colin Powell aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani yenyewe walieleza kuwa hawakuziona. Hilo ni jepesi kulihukumu. Vita yetu wenyewe ni mtihani mgumu zaidi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu kaskazini mwa mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ni ya Uganda. Siku iliyofuata Rais Nyerere alilieleza taifa kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Dirma iko mbali na Kagera. Wazee wa Mbulu na Hanang, zilizokuwa wakati huo katika Mkoa wa Arusha, walikuwa na redio moja tu, nayo ya Serikali. Hata hivyo sababu ile ilikuwa ya kweli: ardhi ilitekwa, raia waliuawa, mali iliporwa. Suratul Hajj, aya ya 39, inawaruhusu waliodhulumiwa kujitetea.

Amin naye alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza. Libya ilimpelekea askari, na wapo waliosema kuwa Uislamu ndio unaopigwa vita. Ajabu ya hoja hiyo! Katika jeshi la Tanzania walikuwemo Waislamu, na dhulma ya mtawala haigeuki uadilifu kwa kuwa anasali.

Lakini kabla ya mwaka kwisha sehemu kubwa ya ardhi yetu ilikwisha kurejea. Januari 1979 majeshi yakavuka mpaka; Aprili 11 Kampala ikaanguka. Huenda ilikuwa sawa, maana jirani yule hakuaminika. Hata hivyo hiyo ilikuwa sababu ya pili, na haikutamkwa kwa uwazi wa ile ya kwanza; ilielezwa kwamba Waganda wenyewe ndio wanaomng'oa Amin.

Gharama ilielezwa mwisho. Wananchi waliokwisha kuchanga ng'ombe na chakula waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na mwaka 1983 sukari na sabuni bado zilikuwa adimu madukani.