Ploti Aliipima Mtu

Kaunti yetu yaitwa kwa jina la mto. Olkejuado, kwa Kimaasai, ni mto mrefu, na baraza la kaunti lililotawala huku hadi ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 lilibeba jina hilo hilo. Waliolitoa walijua kwamba katika nchi kavu mahali hutambuliwa kwa njia ya maji. Sisi tuliokuja baadaye tumejenga juu ya njia hiyo, na mvua inapozidi twasema ni mapenzi ya Mungu.

Ndugu zetu waumini watuwie radhi, usemi huo hatuukubali. Mvua ni ya Mungu. Ploti aliipima mtu.

Hatujasahau Aprili 2024. Mito ilivunja kingo, Kitengela na Athi River zikafurika, watu wakazingirwa na maji majumbani mwao, na waokoaji wakawafikia kwa mashua. Nchini kote masika yale yaliua zaidi ya watu 250. Na ilikuwa juzi tu, katika ukame wa 2020 hadi 2022, tulipokuwa tukihesabu mizoga ya ng'ombe Kajiado na kusubiri lori la maji kwa zamu. Kitengela ndiyo hiyo: mwananchi hununua maji ya boza Januari, naye Aprili huyachota sebuleni kwa karai.

Tueleze chanzo, maana wengi wetu ni wageni hapa na hatukuuona uwanda huu ulivyokuwa. Kitengela imekaa juu ya nyanda za Athi-Kapiti, tambarare yenye udongo mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyweshwa huvimba, nyufa hujifunga, na maji yanayofuata hayapati pa kuzama. Hutambaa juu ya ardhi polepole, yakitafuta vibonde na vijito vya msimu ili yaufikie Mto Kitengela, na hatimaye Athi. Vibonde hivyo, mtu akivitazama Februari, huonekana kama nyasi tu. Wafugaji walivijua, na hakuna aliyejenga boma lake ndani yake.

Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Sheria ya maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje ikapitishwa mwaka 1990, viwanda vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Ekari zikauzwa, zikakatwa, zikauzwa tena, hadi tukafika kwenye ile hamsini kwa mia tunayoijua sote. Katika sensa ya 2009 mji ulikuwa na watu wasiofika 60,000. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 150,000. Wapimaji walichora mistari iliyonyooka juu ya ardhi ambayo maji yake hayakwenda kwa mistari. Barabara za ndani zikaachwa nyembamba kiasi kwamba mtaro ukichimbwa gari halipiti, na gari likipita mtaro haupo. Kila aliyenunua akazungusha ukuta wa mawe, na kila ukuta ukawa bwawa dogo la jirani.

Je, jukumu ni la nani? Hapa hatuhitaji kubahatisha. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya mikutano, machozi na virungu, imeandika katika Jedwali la Nne kwamba mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 nayo yadai kibali cha kaunti kabla ardhi haijagawanywa. Barabara kuu, hata hivyo, zi chini ya mamlaka ya kitaifa, na tuta la barabara kuu lisilo na kalvati za kutosha huyazuia maji kama ukuta mwingine wowote. Ndiyo sababu barua zetu huzunguka. Tumeandika kwa afisi moja tukaelekezwa kwa nyingine, na hiyo nyingine ikaturudisha kwa ile ya kwanza, kwa heshima kubwa na mihuri miwili.

Lakini tungekuwa wanafiki tukiishia kuwalaumu wakubwa. Baadhi yetu tulitoka siku moja baada ya ibada, na majembe, tukachimba mfereji kuyaondoa maji mbele ya kanisa. Tuliimba tulipomaliza. Usiku huo maji yale yale yaliingia katika vyumba vya kupanga vilivyo upande wa chini, ambako wakaaji hawakuwa na habari ya mfereji wetu wala hawakuulizwa. Tangu siku hiyo tumekataa harambee yoyote ya mtaro isiyojua mtaro unaishia wapi. Twakataa vilevile zawadi ya murramu inayomwagwa uchaguzi unapokaribia. Barabara huinuka, nyumba hubaki chini yake, na mwenye nyumba hupiga makofi kabla ya kuloa.

Kazi ianzie chini, mtoni, ipande juu. Mkondo mkuu ufunguliwe kwanza, kisha mitaro ya mitaa iungane nao. Na mkondo ukifunguliwa, ukuta wa mtu utaanguka. Hili hakuna mgombea atakayelitamka jukwaani, kwa hiyo twalitamka sisi. Yupo mjane aliyenunua kwa akiba yake yote, akapewa hati miliki yenye muhuri wa serikali, bila kuambiwa kwamba alinunua kijito. Huyo alipwe fidia ya haki na kwa haraka, kama Kifungu cha 40 cha Katiba kinavyoagiza kwa mali inayotwaliwa kwa manufaa ya umma. Yupo pia aliyesogeza ukuta wake usiku hadi katikati ya barabara ya mtaa. Huyo asidai senti, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama ni mmoja wetu.

Fedha za kazi hiyo hazitokei kwa maombolezo ya Mei. Sheria ya fedha za umma ya 2012 ina kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hiyo ya Aprili hutukuta tukikausha magodoro, na wakati huo mengi yamekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo twende Agosti, katika vumbi, wakati ambapo hata sisi wenyewe tumesahau mafuriko.

Tusiende mikono mitupu. Kila nyumba iliyoingiliwa ina mstari wa tope ukutani. Kabla ya kupaka rangi upya, kila kikundi cha jumuiya na kila tawi lichukue utepe, lipime mstari huo kutoka sakafuni, liandike tarehe, mtaa na upande maji yalikotokea. Vijana wetu waliosomea upimaji wameahidi kuviunganisha vipimo hivyo viwe ramani moja. Daftari litakuwa wazi mlangoni baada ya ibada, kuanzia Jumapili ijayo.