Walishinda Kesi, Wakakosa Shamba
Unalo shamba la baba yako? Basi sikia habari za watu wa California waliosema Kihispania. Mwaka 1848 Meksiko ilishindwa vita, nchi yao ikawa ya Marekani. Mapatano yaliahidi kulinda mali zao. Lakini dhahabu ilikwisha onekana, wageni wakamiminika kwa maelfu. Mwaka 1851 ikatoka sheria: kila mwenye ardhi athibitishe haki yake. Wengi walishinda, ila kesi zilichukua kwa wastani miaka 17. Mawakili walilipwa kwa ardhi, wakopeshaji wakatwaa iliyobaki. Haki ikafika, shamba halipo! Wewe je, una ugomvi wa mpaka? Patana na jirani mapema, mbele ya wazee.