Fimbo Zinazomeza Nyutroni Nazo Huchoka

Leo naweka kando mambo ya programu, nataka tuongee juu ya kauri. Si ile ya vikombe, bali ile inayowekwa ndani ya mtambo wa nyuklia ili kuuzuia usiende mbio. Nina sababu. Tangu wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana mwaka 2024 kupinga mtambo wa nyuklia, mjadala wetu una pande mbili tu: utalipuka, au ni salama kabisa. Kwa maoni yangu pande zote zimesahau swali la fundi: vifaa vya ndani vitachakaa vipi, na nani atavifuatilia?

Kauri yenyewe ni kabaidi ya boroni, mojawapo ya vitu vigumu zaidi duniani. Katika mitambo mingi ya maji yanayochemka, unga wake hujazwa kwenye mirija ya chuma kisichoshika kutu, na mirija hiyo ndiyo fimbo za kudhibiti. Zikiingizwa katikati ya fueli humeza nyutroni na mtambo hutulia. Kazi kubwa hufanywa na atomu za boroni-10, ambazo ni kama 20 katika kila 100 za boroni ya kawaida.

Lakini hakuna cha bure. Boroni-10 ikishameza nyutroni haibaki boroni. Hugawanyika ikawa lithiamu na heliamu. Heliamu ni ile gesi ya maputo, na sasa imezaliwa ndani ya kitu kigumu kama jiwe. Nilipiga hesabu: katika sentimita moja ya ujazo ya kauri iliyoshikamana, ikitumika asilimia 1 tu ya boroni-10, gesi inayozaliwa ingejaza takriban sentimita 8 za ujazo huku nje. Sehemu yake hupenya na kutoka, lakini nyingi hubaki ndani na kujikusanya katika viputo vidogo sana. Kauri huvimba, hupata nyufa, na haipitishi joto vizuri kama mwanzo. Ikizidi kuvimba, husukuma mrija ulioibeba.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Zamani nilitunza seva iliyokuwa na programu inayovujisha kumbukumbu. Kila ombi lilijibiwa sawasawa na kila ombi liliacha takataka kidogo. Wiki ya kwanza kila mtu alifurahi. Siku iliposimama, hakuna aliyeweza kusema ombi lipi liliiua. Kazi yenyewe ndiyo iliyoiua.

Na si nadharia tu. Mwaka 1979 wasimamizi wa nyuklia wa Marekani waliwatahadharisha wenye mitambo ya maji yanayochemka kwamba mirija ya fimbo ilikuwa imepatikana na nyufa, maji yakaingia na boroni ikatoka. Hapo ndipo penye somo. Kwenye karatasi, umri wa fimbo ulipimwa kwa boroni iliyobaki. Kumbe fimbo inaweza kuharibika kimwili kabla haijaishiwa boroni!

Atakayesema kwamba mbona dunia inaendesha mitambo hii miaka yote, namkubalia. Fimbo huhesabiwa matumizi, hukaguliwa na kubadilishwa kwa wakati. Pia kuna njia nyingine. Hafniamu, ambayo ni metali, humeza nyutroni bila kuzaa heliamu namna hii, na hata baada ya kumeza huendelea kumeza. Ila ni nzito na ghali. Kila chaguo lina bei yake.

Basi msimamo wangu ni huu. Mimi sipingi nyuklia. Napinga kununua mtambo kama tunavyonunua mabasi: picha siku ya uzinduzi, halafu vipuri vinakosekana. Kabla Kenya haijatia sahihi mkataba wowote, wananchi waonyeshwe ratiba ya kubadilisha fimbo, bajeti yake, mahali zitakapohifadhiwa zikitolewa zikiwa na mionzi, na jina la ofisi yenye uwezo wa kusema "zimeni" hata kama Nairobi nzima itakaa gizani.

Mtambo wa nyuklia hautunzwi kwa hotuba. Unatunzwa na mtu mwenye daftari anayehesabu kile ambacho hakionekani. Je, tunaye mtu huyo? Na akisema, atasikilizwa?

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye programu.