Mbwa akigongwa na boda, usikimbilie sindano

Kuna watu humnunulia mbwa kola ya elfu mbili na kumposti kila wiki, halafu akigongwa jibu ni moja: adungwe alale, tutatafuta mwingine. Ni mbwa tu, ama?

Simba wetu aligongwa na boda mwaka jana. Miguu ya nyuma ikawa anaiburuta kama kamba. Daktari wa kwanza alitupa njia mbili, sindano ama "ngojeni muone". Mazoezi hakutaja. Wa pili alimfinya kidole cha mguu kwa koleo, Simba akageuka kumuuma, na daktari akafurahi! Kumbe mbwa akiwa bado anasikia uchungu wa ndani kabisa, matumaini yapo.

Mwanzo ilikuwa kupumzika tu, tukamfungia kona ndogo ya sebule. Tunamgeuza kila baada ya saa nne hivi asipate vidonda. Tunamsaidia kukojoa, na hiyo sehemu hakuna mtu huposti. Daktari aliporuhusu, nikaanza kumlaza ubavu mara tatu kwa siku, nakunja na kunyoosha kila mguu polepole, ndio viungo visikauke. Baadaye taulo kuukuu chini ya tumbo, namshikilia nyuma ajifunze kusimama. Zulia la zamani juu ya vigae, asiteleze.

Zaidi ya pesa ya daktari, gharama ilikuwa muda. Na mimi niliacha chuo, muda ninao, msinicheke.

Sasa mtaniambia fiziotherapia ya mbwa ni mambo ya wazungu, zile mashine za kutembea ndani ya maji. Sawa, maji hubeba uzito wa mwili ndio mguu dhaifu uweze kusonga, na hiyo mashine mimi sina. Lakini shosho akipata kiharusi, si tunamkanda na kumnyoosha mikono pale pale kitandani? Hapo mbona hamuiti uzungu?

Si kila mbwa atatembea tena. Kuna mwenye uti umekatika na anateseka usiku kucha, huyo sindano ni huruma. Shida yangu ni nyinyi mnaokubali sindano kabla hata ya kuuliza kama anasikia mguu.

Simba anatembea akiyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Jana amejaribu kufukuza boda tena. Hajajifunza kitu huyu.