AFYA YA FAMILIA NA NESI, SEHEMU YA 7: Mume akiwahi kumaliza, msikimbilie vumbi

 Watoto wameshalala? Haya, tuongee ya wakubwa.

Wengi mnaniandikia inboksi kwa kuzungukazunguka: "Nesi, mume wangu siku hizi anawahi." Nitoe msimamo wangu kabisa. Mume kuwahi kufika kileleni siyo uchawi, siyo ushahidi kwamba ana mtu nje, na siyo kwamba wewe humvutii. Ni jambo la kiafya, lina msaada, na msaada wenyewe hauuzwi stendi kwenye kikaratasi.

Kwanza, kuwahi ni nini? Wanaume wanajipima kwa video za kwenye simu na majigambo ya kijiweni, eti kila mtu nusu saa! Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wenza 500 wa Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, muda ukapimwa kwa saa. Nusu yao hawakufika hata dakika 5 na nusu. Wataalamu wanaita tatizo pale mwanaume anapomaliza ndani ya dakika 1 hivi tangu alipoanza kujamiiana, au alikuwa vizuri kisha ikashuka hadi dakika 3 au chini, hawezi kujizuia, na jambo hilo linamnyima raha.

Wewe uliyetoka arobaini juzi, nisikilize. Mmekaa miezi bila kukutana, mtoto analia chumba hichohicho, mume ana mawazo ya hela. Akiwahi siku hizo, ni kawaida. Mpe muda. Ila kumbuka, hata akiwahi mimba inaingia, kwa hiyo uzazi wa mpango uko palepale.

Sasa hili la dawa. Supu ya pweza ni chakula kizuri, mnyweshe mumeo, lakini siyo tiba ya kuwahi. Vumbi la Kongo ndiyo linanitia hofu. Hujui kuna nini ndani wala kiasi gani. Nchi mbalimbali zimekamata "dawa za asili" za nguvu za kiume zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil. Hiyo ni dawa ya kusimamisha uume, siyo ya kuchelewesha. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza, presha inaweza kushuka ghafla hadi akafa. Jamani, utabaki mjane kwa sababu ya aibu?

Anzeni nyumbani, bure. Kuna njia ambayo daktari wa Marekani, James Semans, aliieleza mwaka 1956: mume akihisi anakaribia, mnasimama kabisa, mnasubiri hamu ishuke, mnaanza tena. Mkirudia mara kadhaa kila mnapokutana, kwa wiki kadhaa, anajifunza kujizuia. Kondomu nayo inapunguza msisimko. Ila njia hii haiwezekani mke akinuna au akicheka. Somo ametufunda mengi ya chumbani. Na sisi tujifunde kuongea na mume bila kumdhalilisha.

Isipobadilika, nendeni hospitali, ikiwezekana wote wawili. Wakati mwingine chanzo ni wasiwasi, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, maambukizi ya tezi dume, au uume kutosimama vizuri, ndipo mtu anaharakisha. Zipo dawa, za kumeza na za kupaka, lakini aandike daktari.

Na ombi langu la mwisho: usilipeleke kwenye kikoba wala kwa mawifi. Mwanaume akishatangazwa, hospitali haji tena; anaenda kununua vumbi.

Sehemu ya 8 nitaongelea uzazi wa mpango kwa anayenyonyesha. Hii mpe na baba watoto asome.